Picha za Familia kama Hifadhi ya Kumbukumbu: Kutoka Gisozi hadi Nkombo

Katika Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, yaliyofunguliwa Gisozi mwaka 2004, kuna chumba cha picha za waliouawa mwaka 1994, zilizotolewa na jamaa zao. Picha zilizopigwa kwa ajili ya nyumbani zimegeuka ushahidi wa uhai wa watu. Funzo hilo linaihusu pia Nkombo, kisiwa cha Ziwa Kivu wilayani Rusizi, ambako lugha ya wenyeji inakaribiana na Kimashi. Picha iliyomo simuni hupotea simu inapoharibika; isiyoandikwa majina huwa bubu wazee wanapofariki. Kwa hiyo, sera ya kumbukumbu haina budi kuhifadhi nakala pamoja na maelezo ya wazee kwa lugha yao, huku familia zikibaki wamiliki.