Msimbo wa Posta na Vijiji vya Pembezoni mwa Msitu wa Mlima Kenya

Mtu aandikaye barua kwenda Nanyuki hutia, baada ya namba ya sanduku la mpokeaji, tarakimu tano, 10400. Na tarakimu hizo, ambazo aghalabu hunakiliwa kwa mazoea pasi na kuulizwa maana yake, ni maelekezo kwa wale watakaoipokea barua hiyo njiani. Tarakimu ya kwanza hutaja upande wa nchi: 1 ni sehemu za kati, kama vile 8 ilivyo ya Pwani, ambako Mombasa ni 80100. Zinazofuata hupunguza uwanja hadi ofisi moja ya posta, kwa hiyo Nyeri ni 10100, Karatina 10101, na Naro Moru 10105.

Mpango huu ni wa ofisi za posta, wala si wa mipaka ya utawala. Timau imo katika Kaunti ya Meru, ambayo mji wake mkuu una msimbo 60200, walakini msimbo wa Timau ni 10406, wa jamaa moja na Nanyuki, iliyo jirani yake katika barabara iendayo Meru. Upande wa mashariki wa mlima, ambako mvua ni nyingi na msitu umeshona, Chuka ni 60400 na Chogoria 60401.

Katika ofisi ya posta ndipo msimbo unapokoma. Nchini Kenya barua za kawaida huwekwa katika sanduku, na mwenyewe huzifuata. Basi mkazi wa kijiji kilicho mpakani mwa msitu, asiye na sanduku lake, huazima la shule, la kanisa au la jamaa aliye mjini, na habari zake hungoja hadi apatikane mtu wa kushuka siku ya soko. Wako watakaosema kwamba simu imekwisha kuondoa haja ya anwani. Kauli hiyo ina sehemu ya haki, kwa maana simu humfikia mtu popote alipo. Lakini haimwonyeshi dereva wa gari la wagonjwa, usiku wa mvua, ni njia ipi kati ya tatu iendayo kwa mzazi mwenye uchungu.

Jirani zetu wa Tanzania wameliendea jambo hili kwa njia nyingine. Postikodi yao, nayo ya tarakimu tano, hutaja kanda, kisha mkoa, kisha wilaya, na mbili za mwisho hutaja kata, hata kata ya Amani, katika misitu ya mvua ya Usambara wilayani Muheza, ikawa na yake, inayoanza na 21 za Mkoa wa Tanga. Tarehe 8 Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi, iliyokusudia kuzipa barabara majina na nyumba namba, mijini na vijijini.

Yamkini baadhi ya watu wataingiwa na hofu kwamba kukipa msimbo kijiji kilichopakana na msitu wa serikali ni kuhalalisha uvamizi. Hofu hiyo haina msingi, madhali msimbo si hati ya ardhi: hausemi shamba ni la nani, bali husema tu kwamba hapa wapo watu. Tena hata mlinzi wa msitu, anapopewa habari ya moto, hufaidika akijua ni kijiji kipi na njia ipi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mamlaka ni dhahiri: msimbo uteremke kutoka ofisi ya posta hadi kata na kijiji, na wazee wa kila mahali waulizwe majina ya njia zao kabla ya vibao kuchongwa. Raia anayelipa kodi na kupiga kura anastahiki kufikiwa alipo, hata akiwa anaishi mwisho wa barabara.