Ubingwa Ulionyang'anywa, Ukarudi: Msimu wa Howard wa 1974

Kila kijana wetu anayepiga mpira vizuri hapa Pwani hufika siku akaambiwa kuhusu ufadhili wa kusoma na kucheza Marekani. Kabla mzazi hajauza shamba kutafuta nauli, ni vyema aisikie habari ya Chuo Kikuu cha Howard.

Howard ni chuo kilichoko Washington, kilichoanzishwa 1867 kwa ajili ya watu Weusi waliokuwa wametoka utumwani. Mwaka 1970 timu yake ya kandanda ilipata kocha mpya, Lincoln Phillips, aliyekuwa golikipa wa Trinidad na Tobago. Wachezaji wake wengi walikuwa wanafunzi kutoka visiwa vya Karibi na Afrika. Mwaka 1971 hawakupoteza mechi hata moja, na katika fainali wakaifunga Saint Louis, bingwa mtetezi, mabao 3 kwa 2. Hakuna chuo cha Weusi kilichokuwa kimewahi kutwaa ubingwa wa aina hiyo.

Furaha haikudumu. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kilianza kuchunguza makaratasi ya wachezaji. Mapema 1973 kiliinyang'anya Howard ubingwa na kuizuia kuingia mashindano ya taifa mwaka huo.

Kosa lilikuwa nini? Mashtaka makubwa yalikuwa mawili. La kwanza, baadhi ya wachezaji hawakufanya mtihani wa kuingia chuo uliotakiwa na chama. La pili lilitokana na kanuni ya wageni. Mgeni aliyecheza katika timu yoyote ya kwao baada ya kutimiza miaka 19, kila mwaka aliocheza ulikatwa kutoka miaka yake ya kuchezea chuo. Mmarekani aliyecheza kwao katika umri huo huo hakukatwa kitu.

Howard walikwenda mahakamani. Jaji alikubali kwamba kanuni ya wageni ilikuwa ya ubaguzi, akaibatilisha. Lakini adhabu aliiacha ilivyo, kwa sababu makosa mengine yalithibitika. Mahakama ya rufaa nayo ikaunga mkono uamuzi huo 1975. Hapo ndipo penye funzo, ndugu msomaji. Walikuwa na haki katika jambo kubwa, wakaumia kwa jambo dogo la karatasi.

Hata hivyo, Phillips hakuivunja timu. Msimu wa 1974 Howard walicheza mechi 19 na kushinda zote. Fainali ikawakutanisha tena na Saint Louis, safari hii nyumbani kwa Saint Louis wenyewe, timu iliyokuwa na mataji 10. Dakika 90 ziliisha bila mshindi. Ukaongezwa muda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika nyongeza ya nne Kenneth Ilodigwe akafunga, ikawa 2 kwa 1. Taji hilo hakuna aliyeweza kuligusa. Lile la 1971 halijarudi, na kumbukumbu za chama hazina bingwa wa mwaka huo.

Sasa turudi nyumbani. Kanuni za vyuo vya Marekani zimebadilika mara nyingi tangu siku hizo, lakini bado mchezaji hukaguliwa kabla ya kuvaa jezi: alama zake za shule, umri wake, timu alizochezea, na kama aliwahi kulipwa. Kijana anayechezea timu ya mtaa na kupewa bahasha baada ya mechi huona ni nauli tu. Mkaguzi anaweza kuiona vingine.

Kwa hivyo mzazi, weka vyeti vya mwanao pamoja na cheti cha kuzaliwa, na tarehe zilingane. Andika timu alizochezea na miaka yake. Wakala akija na ahadi, kiulize chuo chenyewe moja kwa moja kabla ya kutoa hata shilingi. Mwana akiwa na miguu, kazi ya mzazi ni kuangalia karatasi.