Madirisha mengi, macho mawili



Zamani mlinzi wa mkanda wa kupeleka mawe alitembea kwa miguu, taa mkononi, toka mwanzo wa mkanda mpaka mwisho wake. Leo, katika machimbo mengi, mtu mmoja anaketi mbele ya kompyuta na kuangalia mahali sita, nane ao kumi na sita kwa mara moja. Kila kamera ina dirisha lake juu ya kioo: hapa mkanda, pale mashini ya kuvunja mawe, kule njia ya malori. Ni jambo jema, maana jicho linafika penye vumbi na hatari bila mwili kufika. Lakini kuna hatari moja ambayo sharti kila mtu aijue: picha iliyokufa inayoonekana kama nzima.

Picha inafika namna gani?

Kamera inatuma picha nyingi zinazofuatana, mara nyingi 25 kwa kila sekunde, na jicho linaziona kama mwendo mmoja. Kwa kuwa ni nzito, kamera inazikandamiza: mara nyingi inatuma tu kile kilichobadilika toka picha iliyotangulia. Kompyuta sharti izifungue tena kabla ya kuzionyesha, na kazi hiyo inafanyika kwa kila dirisha. Kamera moja yenye picha safi inaweza kutumia megabiti 4 kwa sekunde. Kamera 16 za namna hiyo zitataka 64. Waya ukijaa, ao kompyuta ikilemewa, dirisha moja linaweza kuganda.

Ubaya ni kwamba dirisha lililoganda mara nyingine halina alama. Tutwae mfano. Mkanda umesimama. Dirisha linaonyesha: hakuna mtu. Kumbe hiyo ni picha ya dakika tano zilizopita, na sasa fundi ameinama chini ya mkanda, anaondoa jiwe lililokwama. Mwenzake mbele ya kompyuta anaamini macho yake na kubonyeza kifungo. Mnajua wenyewe yatakayofuata.

Hata picha isiyoganda inachelewa kidogo njiani. Ikichelewa sekunde 2, na mkanda unakwenda metre 3 kwa sekunde, mkanda umekwisha kwenda metre 6 kabla hujaona kitu.

Basi, tufanye nini?

1. Tazama saa. Kila picha iwe na saa yenye sekunde, inayoandikwa na kamera yenyewe. Kabla ya kugusa kifungo, ilinganishe na saa ya ukutani. Sekunde zisipotembea, hesabu kwamba huoni kitu mahali pale, na umwarifu kapita mara moja.

2. Punguza mzigo. Kamera nyingi zinaweza kutuma picha za namna mbili, kubwa na ndogo. Madirisha madogo yapewe picha ndogo; picha kubwa iwe ya mahali unapopaangalia zaidi.

3. Kila dirisha na mahali pake. Liandikwe jina la mahali linapoonyesha, wala lisifunikwe na lingine. Mwenzako wa zamu ijayo alikute palepale.

4. Pumzisha macho. Kila dakika 20, tazama mbali, kama metre 6, kwa sekunde 20. Ukisikia usingizi, sema. Si haya.

5. Picha haifungui kufuli. Fundi anayeingia kwenye mkanda akate umeme, aweke kufuli yake mwenyewe, na ufunguo ukae mfukoni mwake. Yeye aliyeifunga ndiye ataifungua. Kisha mpigiane redio na kujibizana kwa sauti kabla ya kuwasha.

Nawe mama, unayo sehemu yako. Bwana aliyeangalia madirisha usiku kucha anahitaji usingizi wa kweli mchana. Funga pazia, peleka watoto wacheze mbali kidogo, na wageni wangoje. Saa hizo za usingizi zinalinda pia mume wa jirani yako, anayefanya kazi chini ya mkanda.

Wandugu, kamera ni msaidizi mzuri, lakini haiwezi kumshika mtu mkono na kumvuta. Kioo kinaonyesha, kufuli ndiyo inayolinda.