Mlee mtoto wa mbwa kwa hatua, naye atakulinda

Mwenye shamba la muhogo huku Newala au kule Masasi anaijua kazi ya mbwa. Usiku nguruwe pori huja kufukua muhogo. Mchana ngedere huja kuharibu mahindi. Mbwa hodari hubweka, mwenye shamba akaamka. Lakini mbwa hazaliwi hodari. Hulelewa.

Wengi wetu tukipewa mtoto wa mbwa tunamtupia kipande cha ugali wa muhogo, basi. Baada ya wiki chache anakonda. Tumbo linavimba, manyoya yanachakaa, anaharisha. Wengine hufa. Tunasema ni bahati mbaya. Mara nyingi sababu ni chakula na minyoo, na yote mawili tunaweza kuyazuia.

Kwa nini chakula chake ni tofauti?

Mtoto wa mbwa anajenga mwili. Anajenga mifupa, meno, nyama na damu. Mbwa mkubwa amekwisha kujenga, sasa anautunza tu. Ugali hutia nguvu, lakini peke yake haujengi mwili. Tunajua kuwa mtoto wetu akilishwa ugali mtupu hupata utapiamlo. Mtoto wa mbwa naye ni vivyo hivyo. Anahitaji dagaa, samaki, mayai, maziwa, kunde au choroko.

Mijini kuna maduka yanayouza chakula cha mbwa katika mifuko. Mfuko wa watoto ni mbali na mfuko wa wakubwa. Sisi vijijini tunaweza kupika vyakula hivyo viwili jikoni mwetu.

Hatua ya kwanza: kutoka maziwa kwenda uji

Mtoto wa mbwa hunyonya tu kwa wiki 3 za kwanza. Akifika wiki 3 au 4, mwonjeshe uji laini wenye maziwa kidogo au dagaa waliotwangwa. Aendelee kunyonya. Kila wiki ongeza uji na uufanye mzito zaidi. Akifika wiki 8 anaweza kuachana na mama yake. Usimchukue kabla ya hapo.

Mama anayenyonyesha naye apewe chakula kizuri kama cha watoto. Akikosa chakula, maziwa hukauka.

Hatua ya pili: chakula cha kukua

Chakula hiki huendelea mpaka mbwa atimize karibu mwaka 1. Pima kwa kikombe. Katika vikombe 4 vya chakula kilichopikwa, changanya hivi:
– Vikombe 2 vya ugali laini.
– Kikombe 1 cha kunde au choroko zilizoiva na kupondwa.
– Kikombe 1 cha dagaa au samaki wasio na chumvi nyingi.

Tumbo lake ni dogo. Kwa hiyo mpe kidogo kidogo, mara nyingi:
– Miezi 2 hadi 3: mara 4 kwa siku.
– Miezi 3 hadi 6: mara 3 kwa siku.
– Miezi 6 hadi 12: mara 2 kwa siku.

Mpe pia maji safi kila siku. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya shida, tunajua. Hata hivyo usimnyime. Mbwa anayeharisha huku hana maji hufa upesi.

Hatua ya tatu: kuhamia chakula cha wakubwa

Mbwa wetu wa kienyeji akifika karibu mwaka 1 huwa amemaliza kukua. Sasa unaweza kupunguza dagaa na kuongeza ugali: vikombe 3 vya ugali, na kikombe 1 cha kunde zilizochanganywa na dagaa. Mpe mara 1 au 2 kwa siku. Usimpe ugali mtupu, kwani mbwa mkubwa naye huhitaji chakula cha kutunza mwili.

Usibadilishe kwa siku moja. Tumbo lililozoea chakula kimoja hushtuka likiletewa kingine ghafla, na mbwa huharisha. Fuata hesabu hii ya vikombe 4:
– Siku ya 1 hadi ya 3: vikombe 3 vya chakula cha zamani, 1 cha kipya.
– Siku ya 4 hadi ya 6: vikombe 2 vya zamani, 2 vya kipya.
– Siku ya 7 hadi ya 9: kikombe 1 cha zamani, 3 vya kipya.
– Siku ya 10: chakula kipya tupu.

Akiharisha katikati, rudi nyuma hatua moja kwa siku 2 au 3. Ukiona damu katika choo chake, au anatapika na kulegea, mwone afisa mifugo siku hiyo hiyo. Haraka haraka haina baraka, lakini kwa ugonjwa usichelewe.

Vitu vya kuepuka

Muhogo mchungu una sumu. Tumia unga wa makopa yaliyotengenezwa na kukaushwa vizuri. Mwaka 1988, wakati wa ukame, watu katika Mkoa wa Mtwara walidhurika kwa sumu hii. Walikuwa wamefupisha kazi ya kuutengeneza muhogo ili wapate unga upesi. Chakula kinachomdhuru mtu humdhuru na mbwa.

Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika kama miba na kuchoma utumbo. Usimpe vitunguu. Usimpe matumbo mabichi ya mnyama aliyechinjwa, kwa sababu yanaweza kuwa na tegu. Mayai ya tegu hutoka na choo cha mbwa na yanaweza kuingia kwa watoto wetu.

Mbwa awe na chombo chake peke yake. Kwa Waislamu mate ya mbwa ni najisi, na kwa afya ya kila mtu ni vema hivyo. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumlisha.

Mbwa mwenye njaa ni hatari

Mbwa asiyeshiba nyumbani huzurura. Huko hukutana na mbwa wengine na mbweha. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara mbweha nao hupata kichaa cha mbwa. Mbwa akiumwa huleta ugonjwa nyumbani, na mtu akianza kuonyesha dalili zake ni vigumu sana kupona.

Kwa hiyo mlishe ashibe. Tangu akiwa na wiki 2 au 3, muulize afisa mifugo dawa ya minyoo. Akifika miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ugali mtupu haumtoshi mtoto wa mbwa?
2. Mtoto wa mbwa wa miezi 4 alishwe mara ngapi kwa siku?
3. Siku ya 5 ya kubadilisha chakula, utaweka vikombe vingapi vya chakula kipya?
4. Katika kijiji chenu, ni mbwa wangapi waliochanjwa mwaka huu?