Deni la Saranda

Vijana wengi wa Malindi hawasadiki wakiambiwa kwamba gari la moshi lilipita mtaani kwao. Lakini lilipita. Tangu mwaka 1905 lilitoka Ngome Kongwe, likajipenyeza baina ya nyumba zetu, hata likafika Bububu, mwendo wa maili 7 hivi. Reli ile iling'olewa zamani, na leo Mzanzibari atakaye kupanda gari la moshi hana budi kwanza avuke bahari.

Ndivyo nilivyofanya. Nilitoka bandari ya Malindi asubuhi, peke yangu, na mfuko mmoja na mikate minne ya ufuta; na jioni nilikuwa katika behewa la daraja la tatu, Dar es Salaam, nikielekea Kigoma. Reli hiyo nayo ilianza kujengwa mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na urefu wake wapita kilomita 1,200.

Msafiri wa peke yake katika daraja la tatu hakai pekee kwa muda mrefu. Hatujafika Ruvu, mama mmoja wa Urambo alikwisha niwekea mtoto wake mapajani, apate kupanga mizigo yake. Akaniita shekhe, kwa ajili ya kofia tu. Mbele yangu aliketi mzee aliyefanya kazi ya reli ujanani mwake. Nje kulikuwa giza, lakini alisikiliza magurudumu, akasema, "Sasa twaingia darajani," na kweli tukaingia. Baina ya Kilosa na Gulwe alinyamaza. Huko mto huvunja reli. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata, hata safari za abiria kutoka Dar es Salaam zikasimama. Baadaye alisema kwamba kazi ya tuta haionekani mpaka tuta liende na maji. Mkate wangu aliusifu, ila aliuliza mbona hauna sukari.

Alasiri ya siku ya pili tukafika Saranda, stesheni ndogo ya Manyoni iliyo mashuhuri njia nzima kwa kuku wake. Gari likisimama, kila dirisha ni duka. Mama mmoja alinipa kuku, nami nikamtolea noti kubwa. Hakuwa na chenji. Akageuka kuitafuta kwa mwenzake, na gari likaanza kwenda. Ningaliweza kuitupa noti ile, lakini nakiri niliona uchungu. Mama yule alikimbia hatua chache, akasimama, akapaza sauti: "Utalipa ukirudi, baba!"

Nilikaa na kuku mkono huu na noti mkono huu. Mama wa Urambo akacheka. "Kula, shekhe. Mwenyewe ameshasema."

Tabora na asali yake, Kigoma na migebuka yake, naziacha kwa siku nyingine. Siku nane baadaye, katika kurudi, nilisimama dirishani Saranda nikiuliza. Wenzake walinijua mara moja: "Ni yule wa kofia!" Akaja, akapokea, akahesabu chenji yangu mpaka shilingi ya mwisho. Nilipomwambia abaki nayo alikataa.

Kisha akaniuliza: hiyo treni ya umeme itasimama hapa?

Tangu mwaka 2024 treni hiyo huenda Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa nne hivi, na reli mpya yajengwa kuelekea Tabora. Siilaumu; mfanyakazi afikaye kwao mapema ana haki ya kushukuru. Lakini madirisha yake hayafunguki, na stesheni huchorwa na watu kwenye karatasi kabla ya kujengwa. Paa la bati kando ya jukwaa, na ruhusa ya kuuza chini yake, si gharama ya kutisha. Hilo twawaomba wachoraji walifikirie sasa, kalamu ingali mkononi.

Nilimjibu kwamba sijui. Honi ikalia, akafunika beseni lake kwa kitambaa, akahamia dirisha la pili.