Ubashiri wa Ukuaji wa Taya la Chini na Uamuzi wa Upasuaji kwa Watoto

Makala haya yanafafanua kwa nini ni vigumu kubashiri ukuaji wa taya kwa mtoto ambaye meno yake ya chini hutangulia ya juu anapofunga kinywa, na jinsi ugumu huo unavyoathiri matibabu. Hali hii ndiyo Edward Angle aliyoiweka katika daraja la tatu la uainishaji wake wa mwaka 1899. Chanzo chake huweza kuwa taya la juu lililodumaa, taya la chini lililorefuka kupita kiasi, au yote mawili.

Ugumu unatokana na wakati. Taya la juu hutangulia kukamilisha ukuaji wake, ilhali la chini huendelea kurefuka baada ya balehe. Kwa wavulana, wakati mwingine hadi miaka 20 na ushei. Hivyo basi, kasoro ndogo katika umri wa miaka 8 yaweza kuwa kubwa katika umri wa miaka 18.

Wataalamu wamependekeza njia kadhaa za kubashiri. Arne Björk wa Denmark alipandikiza pini ndogo za metali katika taya za watoto ili kufuatilia ukuaji kwa eksirei, na mwaka 1969 alieleza dalili saba za kimaumbile zinazoashiria mwelekeo wa ukuaji huo. Baccetti, Franchi na McNamara waligawa upevukaji wa pingili za shingo katika hatua sita. Hatua hizo hudokeza lini ukuaji utashika kasi, lakini hazisemi taya litarefuka kiasi gani. Naye Peter Ngan alilinganisha ukuaji wa taya hizo mbili kwenda mbele, kwa picha zilizopigwa kwa kupishana miaka kadhaa baada ya matibabu ya awali. Kwa watoto wasio na kasoro, uwiano huo ni 0.77, unaposhuka mno, uwezekano wa upasuaji huongezeka.

Kukosea kuna gharama pande zote. Mtoto aking'olewa meno na mengine yakainamishwa ili kuficha kasoro, kisha taya likaendelea kukua, kazi hiyo hulazimu kufumuliwa kabla ya upasuaji. Akipasuliwa mapema, taya laweza kukua tena na kuharibu matokeo. Akiambiwa asubiri, hupitia ujana wake wote akitafuna kwa shida na kuvumilia dhihaka za wenzake.

Kwa kuhitimisha, ubashiri huu ni makadirio, si ahadi. Kifaa cha usoni kinachovuta taya la juu mbele hufaa zaidi kabla ya miaka 10, lakini hakizuii taya la chini kukua baadaye. Kwa sababu hiyo, mzazi anastahili kuelezwa tangu mwanzo kwamba upasuaji ungali uwezekano, na kwamba uamuzi wa mwisho husubiri picha zinazofuatana zithibitishe kwamba taya limeacha kukua.