Mkate wa Kambakoche, Moto au Baridi

Mkate wa kambakoche ni chakula cha kiangazi cha New England, eneo la pwani lililo kaskazini-mashariki mwa Marekani. Nyama ya kambakoche aliyechemshwa hukatwa vipande vikubwa, ikapakwa mayonezi kidogo au siagi ya moto, kisha ikajazwa ndani ya mkate laini uliokaushwa kikaangoni kwa siagi. Viungo ni vinne au vitano tu, na ugumu wake umo humo humo: kamba akizidi kuiva, au akiwa amekufa zamani kabla ya kupikwa, hakuna bizari ya kumsitiri.

Wenyeji wenyewe wana kambi mbili. Katika jimbo la Connecticut nyama huliwa ikiwa moto, imelowana siagi, na mwanzo wake hutajwa kuwa mgahawa wa Harry Perry katika mji wa Milford, miaka ya 1920. Kaskazini zaidi, jimboni Maine, nyama hupoozwa kwanza, ikachanganywa na mayonezi. Wa Maine ndio uliovuma zaidi duniani, ingawa mtu anayeonja kwa mara ya kwanza huenda akauelewa upesi zaidi ule wa siagi.

Leo chakula hiki ni cha bei, lakini zamani haikuwa hivyo. Enzi za ukoloni wa Waingereza kambakoche walikuwa tele kwenye fukwe hizo, wakaliwa na maskini, na wengine wakatupwa mashambani kuwa mbolea. Thamani yao ilianza kupanda pale viwanda vya makopo vilipofunguliwa Maine katika miaka ya 1840, na baadaye treni zilipoleta wageni wa mijini kupunga upepo wa bahari. Uvuvi wa sasa una masharti makali. Wavuvi hutumia madema, na mwenye leseni ya Maine haruhusiwi kutega zaidi ya madema 800. Kamba ambaye gamba lake la mgongoni halijafika milimita 83, au limepita milimita 127, hurudishwa majini. Jike mwenye mayai hukatwa alama yenye umbo la V mkiani na kuachiliwa, na akinaswa tena miaka ya mbele, hata kama hana mayai siku hiyo, alama ile humwokoa.

Kambakoche wa bahari hiyo ya baridi si yule wa Lamu, Mafia au Unguja. Ana magando mawili makubwa yenye nyama, ilhali wa Bahari ya Hindi hana magando kabisa: ana miiba na papasi ndefu, na karibu nyama yake yote imo mkiani. Familia nyingi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi zilizohamia Portland na miji mingine ya Maine humpata wa magando sokoni akiwa hai. Mpishi wa Mombasa au Dar es Salaam atatumia wa miiba, na mkate utakuwa mtamu vilevile mradi tofauti zake zizingatiwe.

Kamba wa magando hununuliwa akiwa hai, na akiinuliwa anapaswa kuukunja mkia wake kwa nguvu.  Kamba akifa, vimeng'enya vya tumboni mwake huanza kuimeng'enya nyama yenyewe, nayo hulainika na kuwa kama uji, huku bakteria wakizaliana haraka. Wa gramu 500 hadi 600 hutoa takriban gramu 115 za nyama, kiasi cha mkate mmoja ulioshiba. Kwa hiyo walaji wanne wanahitaji kamba wanne, na hesabu hiyo ni vizuri ifanywe kabla ya kwenda sokoni.

Kumtosa kwenye maji yanayochemka akiwa hai ndiyo njia ya zamani. Uswisi iliipiga marufuku mwaka 2018, ikitaka kamba azimishwe fahamu kwanza. Nyumbani, kumweka kwenye friza kwa dakika 20 hadi 30 humfanya aishiwe nguvu, kisha huuawa kwa ncha ya kisu kizito kinachopasua kichwa katikati mara moja. Akishauawa apikwe papo hapo.

Sufuria iwe kubwa, yenye maji lita tatu au nne kwa kila kamba, na chumvi ya gramu 35 kwa lita, yaani ukali wa maji ya bahari. Maji yakichemka, kamba huingizwa kichwa kwanza. Wa gramu 500 huhitaji dakika nane hivi tangu maji yaanze kuchemka tena. Wa gramu 700 huhitaji 11 au 12. Wengi huongozwa na wekundu wa gamba, na hapo ndipo wanapopotea. Rangi nyekundu imo gambani tangu mwanzo, imefungwa na protini inayoifanya ionekane ya kijani au buluu iliyokolea. Joto huivunja protini hiyo na wekundu hujitokeza, hata kama nyama ya ndani bado mbichi. Kipimo cha kweli ni nyama ya mkia: iwe nyeupe, isiyopitisha mwanga. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 63 za Selsiasi katikati ya mkia. Zikizidi sana, nyama hukakamaa kama mpira.

Kamba aliyeiva hutumbukizwa kwenye maji ya barafu kwa dakika mbili ili asiendelee kuiva kwa joto lake. Mkia huzungushwa ukang'oka, magando huvunjwa kwa mgongo wa kisu au nyundo ndogo, na viungo vinavyounganisha gando na mwili husukumwa kwa kijiti. Visipuuzwe: nyama yake ni kidogo, lakini ndiyo tamu kuliko zote. Uzi mweusi wa utumbo mgongoni mwa mkia huondolewa. Ini la kijani lililo kifuani huliwa na wengine, ila mamlaka za afya za Marekani hushauri liachwe, kwa sababu sumu za baharini hujikusanya hapo. Nyama hukaushwa vizuri kwa kitambaa, kwani maji huichujua mayonezi.

Kwa namna ya Maine, gramu 450 za nyama huhitaji vijiko vinne vya mezani vya mayonezi, kijiko cha chai cha maji ya limau, chumvi kidogo na pilipili manga. Wengine huongeza seleri iliyokatwa ndogondogo au majani ya vitunguu. Zaidi ya hapo ni kumzika kamba. Mchanganyiko hukaa frijini nusu saa. Kwa namna ya Connecticut, siagi gramu 100 huyeyushwa kwa moto mdogo, povu likaenguliwa, kisha nyama hupashwa ndani yake taratibu bila kuchemka.

Mkate wa New England hupasuliwa juu badala ya ubavuni, na mbavu zake hazina ganda gumu, hivyo hushika siagi na kubadilika rangi vizuri kikaangoni. Usipopatikana, mkate wa hotdogi au skonzi ndefu isiyo na sukari nyingi hufaa: mbavu zake hukwanguliwa kwa kisu, zikapakwa siagi na kukaangwa kwa moto wa wastani hadi ziwe za rangi ya dhahabu. Hatua hii haina mbadala, kwani mkate usiokaushwa hulowa na kuvunjika mkononi.

Kwa kamba wa miiba, mkia wa gramu 200 huiva kwa takriban dakika nane katika maji yanayochemka. Nyama yake ni ngumu kidogo na utamu wake umepungua, kwa hiyo hukatwa vipande vidogo zaidi, na ndimu huongezwa kiasi. Mkia ulioganda huyeyushwa frijini usiku kucha, kamwe si kwenye maji ya moto. Ukichomwa kwenye mkaa badala ya kuchemshwa, siagi huufaa kuliko mayonezi.

Nyama iliyochanganywa na mayonezi iliwe siku hiyo hiyo; isiyochanganywa hukaa frijini siku mbili. Magamba yasitupwe. Yakikaangwa kidogo na kitunguu, kisha yakachemshwa kwa nusu saa na kuchujwa, hutoa supu nzuri ya kupikia wali au mchuzi wa samaki.